Gemu ya bure, bili ya dola elfu: nyongeza za kupakua zinavyopangiwa bei

Septemba 2025 Nintendo ilionyesha nyongeza ya Pokémon Legends: Z-A na kuitaja bei hapo hapo, dola 29.99. Gemu yenyewe ilikuwa bado haijaingia dukani. Ilitoka 16 Oktoba. Wachezaji wengi walikasirika, na likarudi swali ambalo huulizwa kila mara bei za namna hii zinapotangazwa: hiki ni kitu cha ziada kweli, au tunauziwa kitu kimoja mara mbili?

Swali halijibiki kwa mkupuo mmoja kwa sababu jina DLC limebebeshwa mizigo isiyofanana. Maana yake ni maudhui ya kupakua, yaani chochote unachoongeza kwenye gemu kwa njia ya intaneti baada ya kuwa nayo. Kapu ni hilo moja, lakini vilivyomo ndani vina hesabu tofauti kabisa.

Kuna upanuzi, ambao ni nyongeza kubwa: eneo jipya, hadithi mpya, saa 10, 20 au zaidi za kucheza. Phantom Liberty ya Cyberpunk 2077, iliyotoka Septemba 2023 kwa dola 29.99, ni upanuzi. Shadow of the Erdtree ya Elden Ring nayo hivyo hivyo, Juni 2024, dola 39.99. Zamani vitu hivi viliuzwa kwenye CD yake na boksi lake. Kuna vipande: ramani kadhaa, mhusika mmoja, gari moja. Kuna mapambo, yale ambayo vijana huita skin, yanayobadilisha sura tu na hayakuongezei bao wala risasi. Kuna pasi ya msimu, ambayo katika gemu moja ni malipo ya mapema kwa nyongeza zitakazokuja, na katika nyingine, kama Fortnite, ni tiketi ya kufungulia zawadi kadiri unavyocheza kabla msimu haujaisha. Mwisho kuna sarafu za ndani ya gemu, kama V-Bucks za Fortnite na FC Points za gemu ya mpira ya EA. Hizo hasa ni pesa ya kununulia nyongeza, na ndiyo maana zinastahili kutazamwa peke yake.

Mtu akisema "DLC zimepanda bei", kwanza muulize zipi.

Farasi na deraya yake

Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi kwa ajili ya The Elder Scrolls IV: Oblivion kwenye Xbox 360. Bei ilikuwa pointi 200 za Microsoft, sarafu ya duka la Xbox. Pointi 80 zilikuwa sawa na dola moja, kwa hiyo vazi hilo la farasi lilisimama dola 2.50. Watu walicheka, kisha wengi wakanunua. Kwa thamani ya fedha ya leo ni kama dola 4, bei ambayo siku hizi haimshtui mtu. Gemu hiyo iliporudishwa upya Aprili 2025, toleo la kawaida lilikuwa dola 49.99 na la kifahari dola 59.99, na miongoni mwa vilivyojaza zile dola 10 za nyongeza zilikuwamo deraya mpya za farasi. Waliopanga hawakukosa ucheshi.

Somo lenyewe lilikuwa kwenye pointi. Ukiwa na Xbox hukuweza kununua pointi 200 peke yake. Kifurushi kidogo kilikuwa pointi 500. Ukishamvisha farasi wako, zinabaki 300 ambazo hazirudi kuwa pesa. Ni kama bando lililobakiza MB 40 usiku wa manane: huwezi kulirudisha, na halitoshi kufanya jambo la maana, basi unaongeza jingine juu yake. Microsoft iliachana na pointi mwaka 2013, lakini mbinu ilikuwa imeshaenea.

Fortnite inaonyesha mbinu hiyo inavyoweza kupandisha bei bila kugusa kibandiko cha bei. Kwa miaka mingi pasi ya msimu iligharimu V-Bucks 950, na kifurushi kidogo cha kawaida kilikuwa V-Bucks 1,000. Oktoba 2023 kifurushi hicho kilipanda Marekani kutoka dola 7.99 hadi 8.99. Pasi ikabaki V-Bucks 950 kama jana yake. Mchezaji aliyezoea kutazama namba ya ndani ya gemu hakuona kilichobadilika, na bado zilimbakia 50 mkononi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usisome bei kwa sarafu ya gemu. Gawanya pesa halisi uliyolipa kwa idadi ya sarafu, kisha zidisha kwa bei ya kitu. Kwa bei hiyo ya 2023, sarafu 1,000 kwa dola 8.99 ilimaanisha kila 100 ni karibu senti 90, na vazi la 1,500 lilikuwa dola 13.50.

Ramani zilizogawa wachezaji

Machi 2010 Call of Duty: Modern Warfare 2 ilitoa kifurushi cha ramani tano kwa dola 15. Kabla yake, ramani za gemu iliyotangulia katika mfululizo huo ziliuzwa kwa dola 10 kwa kifurushi. Kati ya hizo tano, mbili hazikuwa mpya: zilitoka kwenye Call of Duty 4. Kelele zilikuwa nyingi, na kifurushi kikauzika vizuri mno, hivyo dola 15 ikawa bei ya kawaida kwa miaka iliyofuata.

Tatizo lililoumiza zaidi halikuwa bei. Gemu ya mtandaoni huishi kwa wingi wa watu: ukibonyeza kucheza, seva inakutafutia wenzako wa kiwango chako, walio karibu nawe, walio na ramani ile ile. Ukiuza ramani, umewagawa watu makundi mawili, wenye nazo na wasio nazo. Ukiuza vifurushi vinne kwa mwaka, makundi yanaongezeka, foleni ya kusubiri mechi inarefuka, na watu wanahama. Anayecheza kutoka Mombasa au Mwanza, ambaye tayari seva iko mbali naye, ndiye wa kwanza kukosa mechi.

Ndiyo sababu Call of Duty ya 2019 iliziacha ramani ziwe za bure na kuhamishia mauzo kwenye mapambo na pasi. Mapambo hayamgawi mtu: wewe una vazi la dhahabu, mimi sina, na bado tunacheza pamoja. Tena mimi ninayekuona nalo ndiye tangazo la biashara. Wanaolalamika kwamba skin moja sasa inauzwa bei ya kifurushi cha zamani cha ramani wana haki ya kulalamika, ila wajue kilichotokea: gharama ya ramani imehamishiwa kwa wanaopenda mavazi.

The Sims 4, kwa karibu

Mfano mzuri kuliko yote ni gemu isiyo na bunduki. The Sims 4 ilitoka Septemba 2014 kwa dola 59.99. Upanuzi wake wa kwanza, Get to Work, ulitoka 2015 kwa dola 39.99. Miaka kumi baadaye upanuzi mpya bado unauzwa dola 39.99. Ukihesabu mfumuko wa bei, kila upanuzi umeshuka thamani. Bei ya kimoja haijapanda hata senti.

Sasa hesabu vyote. Hadi mwisho wa 2025 upanuzi ulikuwa umefika 20. Zidisha kwa 39.99, unapata dola 799.80. Chini ya upanuzi kuna vifurushi vya kati 12, kila kimoja dola 19.99: hiyo ni dola 239.88. Jumla tayari ni dola 1,039.68, na hatujagusa vifurushi vidogo vya dola 9.99 wala vile vipakiti vya dola 4.99 vyenye samani au nguo chache. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 130 za Kenya, hizo ni zaidi ya shilingi 135,000.

Oktoba 2022 gemu mama ikafanywa bure kabisa. Mwenye king'amuzi nyumbani ameshaelewa. Kifaa hupewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu anayekiuza hatazamii faida kwenye kifaa. Anatazamia miezi sitini ya vifurushi. Tofauti ni kwamba ukikosa kulipia king'amuzi unarudi ulikoanza, ilhali kifurushi cha The Sims kikishanunuliwa hakidai malipo ya kila mwezi. Hilo tuipe haki yake.

Kinachopanda, basi, ni idadi. Na idadi huumiza zaidi pale vifurushi vinapotegemeana: unanunua wanyama, kisha unagundua misimu ya mwaka iko kwenye kifurushi kingine, na chuo kikuu kwenye cha tatu. Kwa maoni yangu upanuzi wa dola 40 ndio usio na hila sana, kwa kuwa unaona unachonunua. Vipakiti vya dola 4.99 ndivyo vya kuogopa. Vinane vya hivyo vinafikia bei ya upanuzi mzima, na havina hata mtaa mmoja mpya wa kutembea.

Kwa nini dola 40?

Nyongeza humuuzia mtu ambaye tayari ana gemu, na si wote wenye gemu wanaoitaka. Tuchukue hesabu ya kubuni. Studio imetumia dola milioni 20 kutengeneza upanuzi. Gemu imeuza nakala milioni 5, na mmoja kati ya wanne atanunua upanuzi: watu milioni 1.25. Duka la konsoli, yaani mashine ya gemu kama PlayStation au Xbox, hukata asilimia 30 kwa kawaida. (Steam, duka la gemu za kompyuta, huanza na 30 pia, kisha hupunguza hadi 25 na 20 mauzo ya gemu yakivuka dola milioni 10 na milioni 50.) Ukiuza kwa 29.99, studio inabaki na kama dola 21, hivyo inahitaji wanunuzi 952,000 ili kurudisha gharama tu. Ukiuza kwa 39.99, inabaki na dola 28, na wanunuzi 714,000 wanatosha. Hizo dola kumi zimepunguza hatari kwa karibu watu robo milioni.

Ni hesabu ya mpishi wa harusi. Sufuria, kuni na vibarua ni vile vile ukipikia watu 300 au 80, ila waliobaki 80 ndio watakaobeba gharama yote. Na wanaobaki katika gemu ni mashabiki wakubwa, ambao kampuni inajua hawatakimbia kwa dola kumi. Hapo ndipo hesabu ya gharama inapoishia na hesabu ya mapenzi inapoanza. Upanuzi mmoja ukisifiwa kwa dola 40, na Shadow of the Erdtree ulisifiwa sana, wengine huisogelea bei hiyo hata kama kazi yao ni theluthi yake.

Yanayosemwa mtaani

"Wamekata kipande cha gemu ili watuuzie." Mara nyingine ni kweli kabisa. Mwaka 2012 Street Fighter X Tekken ilikutwa na wapiganaji 12 waliokuwa tayari ndani ya diski, wamefungwa, wakisubiri malipo. Ni kupanga nyumba halafu mwenye nyumba akakudai kodi nyingine ya chumba kimoja cha ndani. Lakini nyongeza kutangazwa mapema si ushahidi wa kukatwa. Wachoraji na waandishi humaliza kazi miezi kadhaa kabla ya gemu kutoka, wakati waandika programu bado wanasaka hitilafu, na diski zinasubiri ukaguzi wa mwenye konsoli na kuchapwa. Watu hao hawakai bure. Wanaanzishwa kazi ya nyongeza. Kipimo changu ni kimoja: hadithi ya gemu mama inafika mwisho wake bila nyongeza? Ikifika, umenunua kitu kizima. Ikikatika njiani, hasira yako ina msingi.

"Faili nililopakua ni KB 200 tu, kwa hiyo nimeibiwa." Si lazima. Katika gemu za mtandaoni, simu au konsoli yako lazima iweze kuonyesha vazi la mpinzani hata kama wewe hujalinunua, hivyo picha za mavazi yote huja na sasisho linalomfikia kila mtu. Ulichopakua wewe ni ufunguo. Hasara halisi hapa ni ya data: unapakua GB kadhaa za vitu ambavyo hutavinunua kamwe.

"Nikishanunua ni changu milele." Hapana. Unanunua leseni. Novemba 2020 Destiny 2 iliondoa kampeni yake ya mwanzo pamoja na nyongeza mbili ambazo watu walizilipia, Curse of Osiris na Warmind. Tangu 1 Januari 2025 sheria ya jimbo la California inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamwambie mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni.

Masanduku ya bahati ni jambo jingine, karibu na kamari kuliko duka: unalipa bila kujua utakachopata. Ubelgiji iliyatangaza kuwa kinyume cha sheria 2018, na EA, kampuni ya gemu ya mpira iliyoitwa FIFA wakati huo, ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo Januari 2019. Kwetu, ambako gemu ya mpira ndiyo mfalme wa kila kibanda cha PlayStation, kumbuka kwamba kikosi ulichokijenga kwa pointi hakihamii toleo la mwaka unaofuata. Septemba ikifika, unaanza na wachezaji usiowajua.

Gharama zinazoongezeka zikifika huku

Bei zote hapo juu ni za dola, na huku ndiko hesabu inakochafuka. Steam haina bei ya shilingi. Mteja wa Kenya au Tanzania huonyeshwa dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na kufikia katikati ya mwaka ikashuka hadi kama 130. Nyongeza ile ile ya 39.99 ilitoka karibu shilingi 6,400 hadi 5,200 bila kampuni kugusa kitu. Juu yake kuna makato ya benki ya kubadilisha fedha, na kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma za kidijitali kutoka nje: asilimia 16 Kenya, na Tanzania kiwango cha kawaida ni 18.

PlayStation ina tatizo lake. Sony haina duka la Kenya, Tanzania wala Uganda, hivyo watu hufungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kuzijaza kwa kadi za zawadi zinazouzwa juu ya thamani yake. Kadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Na kadi ya dola 40 huenda isinunue kitu cha 39.99 kwenye akaunti ya Marekani, kwa sababu majimbo mengi huongeza kodi ya mauzo wakati wa kulipa, na senti zikipungua muamala unakataliwa.

Kosa la bei ghali kuliko yote ni kanda. Nyongeza ya PlayStation lazima ilingane na diski. Gemu ile ile ikitengenezwa kwa ajili ya Marekani na kwa ajili ya Ulaya hupewa namba mbili tofauti, na nyongeza ya upande mmoja haiioni diski ya upande wa pili. Unalipa, inapakuliwa, unafungua gemu, hakuna kilichoongezeka. Kabla ya kulipa, shika boksi. Kwenye ubavu wake kuna namba inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5. Pembeni ya jalada la mbele kuna alama ya umri: ikiwa ni namba kama 7, 12, 16 au 18 na neno PEGI, diski ni ya Ulaya, ikiwa ni herufi E, T au M na neno ESRB, ni ya Marekani. Nunua nyongeza kwa akaunti ya kanda hiyo. Fanya malipo kupitia kivinjari cha simu ukiwa umezima upakuaji wa kujiendesha kwenye konsoli, kwa kuwa Sony hurudisha pesa ndani ya siku 14 mradi hujaanza kupakua, na konsoli nyingi huanza kupakua zenyewe mara malipo yakipita. Steam ni wapole kidogo: siku 14 pia, na gemu mama iwe haijachezwa zaidi ya saa mbili tangu ununue nyongeza.

Asiye na haraka hulipa kidogo. The Witcher 3 ilitoka Mei 2015 kwa dola 59.99, na pasi ya upanuzi wake wawili ilikuwa 24.99, jumla 84.98. Agosti 2016 likatoka toleo lenye vyote kwa dola 49.99.

Matoleo hayo kamili yakiwa ya mtumba, yana mtego mmoja. Baadhi huwa na nyongeza ndani ya diski, na mengine huwa na gemu mama tu kwenye diski, huku nyongeza zikiwa ni karatasi yenye namba ya siri ya herufi na tarakimu ndani ya boksi. Namba hiyo hutumika mara moja, kwa akaunti moja. Muuzaji akikuambia "iko na kila kitu", fungua boksi mbele yake. Soma maandishi madogo nyuma ya jalada yanayosema kama nyongeza zinahitaji kupakuliwa. Zikihitaji kupakuliwa na karatasi haipo au imeshakwanguliwa, lipa bei ya gemu mama peke yake.